Mashine ya kufulia inatembea bafuni ikianza kukamua: ni sakafu, mzigo au shokapu?

Mtondoo

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za mlango wa mbele. Hii ni ya kilo 8, kasi yake ya mwisho ni mizunguko 1400 kwa dakika, mtumba wa Ulaya, ina miezi minne hapa nyumbani. Ipo bafuni kwenye vigae, na sakafu ina mteremko kuelekea tundu la maji. Imekaa juu ya stendi ya chuma yenye magurudumu manne.

Kufua inafua kimya, na kusuuza pia. Shida inaanza kwenye kukamua. Sekunde kama ishirini za mwanzo inagonga du-du-du na kusogea, na kila mara inaelekea kwenye tundu la maji. Ikishapita hapo inatulia kidogo, halafu kwenye kasi ya juu inatetemeka mpaka chupa za kwenye rafu zinalia. Mara ya mwisho ilisogea karibu sentimita 30 na kuvuta paipu ya maji safi ikakaza kwenye bomba.

Nimeshapunguza nguo. Nimeweka vipande vya godoro chini ya magurudumu, ikazidi. Nimeweka tofali la sementi juu yake, tofali likaanguka. Watu wawili wanasema ni beringi, mwingine anasema ndivyo zilivyo mashine zote za mtumba. Nianzie wapi kabla haijafunguliwa?

Spana 13

Tofali lisirudi tena juu ya hiyo mashine, na nitakueleza kwa nini. Nguo zikikusanyika upande mmoja wa pipa na upande huo ukazidi mwingine kwa nusu kilo tu, pipa la upana wa kawaida likizunguka mara 400 kwa dakika linavutwa kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 21 hivi. Kasi ikifika 1200, nusu kilo ileile inavuta kama kilo 190. Kwenye 1400 inapita kilo 250. Kasi ikiongezeka mara tatu, nguvu inaongezeka mara tisa. Tofali la kilo ishirini haliwezi kushindana na hiyo. Linachofanya ni kubonyeza bati la juu na kukuangukia mguuni.

Mashine hizi hazikuundwa zishikwe. Pipa la nje, lile la plastiki linaloshika maji, linaning'inia kwa springi mbili juu, na chini limeshikwa na shokapu mbili, tatu au nne kutegemea modeli. Limefungwa mawe ya zege makusudi, ili liwe zito na lisirushwe na nguo. Kwa hiyo pipa linatakiwa licheze ndani, bodi ibaki imesimama. Bodi ikitembea, ama mzigo umekaa vibaya, ama bodi haijakanyaga sakafu sawasawa, ama pipa linacheza kupita kiasi kwa sababu springi, shokapu au jiwe limeharibika. Kila sababu kati ya hizo ina kipimo chake na hakuna kinachohitaji kufungua kitu.

Fanya hivi. Toa nguo zote. Weka programu ya kukamua peke yake, kasi 800 kwanza, uisikilize mpaka mwisho, kisha urudie kwa 1200. Ikitulia ikiwa tupu, shida iko kwenye mzigo au kwenye shokapu. Ikitetemeka hata tupu, mzigo umeshatoka kwenye hesabu: angalia sakafu, jiwe, beringi au puli, lile gurudumu la nyuma linalozungushwa na mkanda.

Halafu chomoa waya kwenye soketi ya ukuta, fungua mlango, shika ukingo wa pipa sehemu ya juu, ulikandamize chini kwa nguvu na uachie ghafla. Pipa zima litapanda. Linatakiwa lipande mara moja na kusimama. Likidunda mara tatu, nne, shokapu zimekwisha. Rudia ukikandamiza kulia, kisha kushoto, maana mara nyingi moja hufa kabla ya mwenzake.

Leta majibu.

Kisauni Pwani

Ndugu yangu, kabla ya vipimo vyote, itoe kwanza hiyo stendi ya magurudumu. Zinauzwa kila mahali kwa ajili ya friji na mashine za kufulia. Kwa friji sawa. Kwa mashine inayokamua 1400, magurudumu yana uwazi kwenye ekseli zake, na mikono ya stendi inayovutwa ili ipanuke huwa imeshikwa na skrubu mbili tu. Hata ukiyafunga breki, stendi yenyewe inapinda. Ukiweka godoro ndiyo kabisa: kila mtikisiko unalibonyeza, linarudisha, mashine inaruka.

Mashine ikae kwa miguu yake minne, moja kwa moja sakafuni. Kuhusu mteremko wa bafuni, ndiyo maana inaelekea kwenye tundu la maji kila mara. Usawazishaji wake ni huu:

Zungusha miguu yote iingie ndani kabisa, kisha sogeza mashine mahali pake, iache nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kutoka ukutani pande zote. Weka pimamaji juu ya bati, kwanza kulia na kushoto, halafu mbele na nyuma. Inua upande ulio chini tu. Mguu ukiwa mrefu unayumba, kwa hiyo usiutoe zaidi ya unavyohitajika. Ikiwa mteremko unadai mguu utoke zaidi ya sentimita mbili au tatu, usiendelee kuuzungusha. Tengeneza kijukwaa cha zege, kimwagwe kikiwa kimelala sawa juu, uso wake ukwanguliwe uwe na mikwaruzo, na kingo zake ziwe na ukuta mdogo wa sentimita mbili ili mguu usiweze kuteleza nje.

Pimamaji ikionyesha sawa, kazi haijaisha. Weka mikono kwenye pembe mbili zinazotazamana, mfano mbele kushoto na nyuma kulia, ubonyeze kwa zamu. Kisha pembe zile nyingine mbili. Ikicheza hata kidogo, kuna mguu unaoelea. Kata karatasi, ipitishe chini ya kila mguu: unaoruhusu karatasi kupita ndio wenye kosa. Ushushe mpaka karatasi igome.

Mwisho kabisa, na hili ndilo watu wengi hulisahau: kila mguu una nati yake ya kufungia. Ikaze ipande juu mpaka ibane bati la bodi. Nati ikibaki imelegea, mtetemeko unauzungusha mguu wenyewe, na baada ya kufua mara chache umerudi ulikoanza. Chini ya miguu weka vipande vya mpira mgumu wenye mistari, unene wa milimita 10 hivi. Mpira mgumu unazuia kuteleza kwenye kigae. Mpira hautibu shokapu iliyokufa, asikudanganye muuzaji.

Bi Mwajabu

Nakubaliana na waliotangulia, ila neno moja kwenye hilo la "nimepunguza nguo". Kupunguza peke yake kunaweza kuzidisha tatizo. Taulo moja nzito ndani ya pipa la kilo 8 haina mwenzake wa kukaa upande wa pili, inajikunja kama donge na kuzunguka nalo. Hali ni hiyohiyo kwa suruali moja ya jinzi na kwa zulia la bafuni lenye mpira nyuma, ambalo kwa kweli lisingeingia mle kabisa.

Jaza pipa kwa nguo kavu mpaka ibaki nafasi ya kiganja kilichosimama kati ya nguo na dari ya pipa. Changanya kubwa na ndogo: shuka mbili, khanga kadhaa, mashati. Mfuko wa duveti na foronya zifungwe vifungo au zipu kabla ya kuingia, maana ukiacha mdomo wazi, mfuko wa duveti unazimeza nguo nyingine zote na unatoka na mpira mmoja mzito uliolowa. Khanga na mitandio mirefu hujisokota kuwa kamba. Zikunjue moja moja wakati wa kuingiza, usitupe fungu zima.

Blanketi zito lililolowa linaweza kuwa mara mbili na zaidi ya uzito wake mkavu. Hilo likamue kwa 600 au 800, usiende juu ya hapo.

Na ukiona mashine inazunguka polepole, inasimama, inageuza, inajaribu tena kwa dakika kumi, hiyo haijaharibika. Inahisi mzigo haujakaa sawa na inajaribu kuusambaza. Isimamishe, fungua, tenganisha nguo kwa mkono, endelea.

Mtondoo

Asanteni sana wote. Majibu ni haya.

Stendi imetoka. Mashine ipo sakafuni, pimamaji inaonyesha sawa pande zote, mguu wa mbele kulia umetoka milimita 15, nati zote zimekazwa, karatasi haipiti popote.

Ikiwa tupu: kwenye 800 imetulia, kwenye 1200 kuna mtetemeko mdogo lakini haisogei.

Ikiwa na nguo zilizochanganywa kama alivyosema Bi Mwajabu: inagonga zile sekunde za mwanzo, si kama zamani, na imesogea kama sentimita 4. Kwenye kasi ya juu iko afadhali sana.

Kukandamiza pipa: kushoto linapanda mara moja na kusimama. Kulia linadunda mara nne au tano, na kuna sauti ya "klok" chini.

Nimezungusha pipa kwa mkono, halikwaruzi. Nimejaribu kulinyanyua pipa la ndani kwa kulishika ukingo, halichezi dhidi ya mpira wa mlango.

Spana 13

Hapo umeshamaliza kazi ya uchunguzi. Beringi zako ni nzima. Beringi iliyokufa inanguruma kama jiwe la kusagia nafaka, na ngurumo inapanda pamoja na kasi, mashine iwe na nguo au tupu. Tena ukilinyanyua pipa la ndani ungeona linapanda peke yake na la nje limebaki palepale. Wewe huna hayo.

Kugonga mwanzoni halafu kutulia ni alama ya shokapu. Kila kitu kinachoning'inia kwenye springi kina mwendo wake ambao kikitikiswa nao kinazidi kuruka. Kwa mapipa haya mwendo huo uko chini, kwenye mizunguko mia mbili, mia tatu hivi kwa dakika. Mashine lazima ipite hapo ikipanda kwenda kasi ya juu, na tena ikishuka. Kazi ya shokapu ni kulishika pipa wakati huo. Shokapu ya kulia haishiki, pipa linagonga bodi, bodi inasogea. Ile "klok" ama ni shokapu yenyewe ama ni tundu la pini yake lililopanuka.

Kubadilisha si kazi ngumu, ila wanahitajika watu wawili kwa sababu ya uzito, kilo 65 hadi 75.

Chomoa umeme, funga bomba. Fungua kichujio cha pampu kile cha chini mbele, weka bakuli bapa, maji yote yatoke. Usiruke hatua hii, maji yaliyobaki yatamwagikia mota na nyaya ukiilaza. Tandika blanketi, laza mashine taratibu kwa mgongo. Mashine nyingi zimeachwa wazi chini au zina sahani ya plastiki yenye skrubu chache. Utaziona shokapu: mirija miwili ya plastiki au bati, mmoja umeingia ndani ya mwenzake, ncha moja kwenye pipa na nyingine kwenye sakafu ya bodi. Piga picha kabla hujagusa.

Zilizofungwa kwa bolti zinatoka kwa spana namba 13 au 10. Nyingi za Ulaya zina pini ya plastiki yenye jino linaloizuia kurudi. Soketi namba 13 ikivishwa kwenye ncha yake inalibana jino, kisha unagonga taratibu upande wa pili au unavuta kichwa kwa koleo. Usiipindishe, pini ikikatikia ndani ya sikio la pipa utaitoa kwa drili.

Ukishaitoa, isukume na kuivuta kwa mikono. Shokapu nzima inagoma, unaisukuma kwa nguvu ya mwili na inabaki pale ulipoiacha. Iliyokufa inateleza kama pampu ya baiskeli isiyo na upepo. Ndani yake hakuna mafuta wala gesi, kuna sponji lenye grisi maalumu linalosugua. Sponji likilika, basi.

Kwenye mrija kumeandikwa nguvu yake: 80N, 100N, 120N na kadhalika. Nunua ileile, urefu uleule, tundu la pini la upana uleule. Ukienda Kariakoo beba ya zamani mkononi, usitegemee jina la mashine peke yake, kampuni moja hutumia shokapu tofauti hata kwa modeli zinazofanana sura. Nunua mbili na pini zake mpya, ubadilishe zote. Ya kushoto ni nzima leo, lakini imebeba kazi ya mbili kwa miezi minne, na ukiweka mpya upande mmoja pipa litavutwa shoto-kulia bila usawa.

Ukiwa umeshafika huko chini, shika jiwe la zege na ulitikise. Lililolegea kaza bolti zake, ila kwa kiasi: zinaingia kwenye plastiki ya pipa na uzi ukikatika hakuna pa kushikia tena. Lililopasuka halisaidiki kwa gundi wala sementi, tafuta jingine.

Mkaazi wa Tabata

Naomba kuongeza na nisahihishwe nikikosea. Hizo shokapu si zinaweza kupakwa grisi zikarudi? Na kwa kutembea, je, mtu akiifunga mashine sakafuni kwa bolti za ukutani?

Spana 13

Hapana kwa yote mawili, mkuu, na sababu zake ni muhimu.

Shokapu hii inafanya kazi kwa kusugua. Grisi ya kawaida inaondoa msuguano, yaani unaua kile kidogo kilichobaki. Itakuwa laini mkononi na pipa litadunda zaidi.

Kuifunga sakafuni kunazuia bodi isisogee, lakini ile nguvu ya kilo mia na tisini haijaenda popote. Itatafuta pa kutokea: kwenye masikio ya springi, kwenye beringi, kwenye spaida, ule msalaba wa aluminiamu wenye mikono mitatu uliobeba pipa la ndani kwa nyuma. Spaida ikikatika, pipa la ndani linayumba na kugonga la nje mara moja kila mzunguko. Siku hizi mapipa mengi ya nje yamegundishwa kiwandani, hayafunguki kwa skrubu, kwa hiyo kufika huko ndani ni kukata kwa msumeno na kufunga upya kwa bolti na silikoni. Shokapu mbili na jioni moja ni nafuu mno kuliko hapo.

Nuru ya Asubuhi

Samahani kuingilia uzi. Yangu ni ya mlango wa juu, kilo 10, inasimama kwenye kukamua na kuandika UE. Shokapu zake ziko wapi? Na ile ndogo ya mapipa mawili ya mama nayo inagonga, je?

Kisauni Pwani

Dada, karibu. Ya mlango wa juu haina shokapu za chini. Pipa lake linaning'inia kwa fimbo nne za chuma, moja kila pembe, na kila fimbo chini ina springi ndani ya kikombe cha plastiki. UE ni kusema mzigo haujakaa sawa. Ikija kwa nguo nzito peke yake, zisambaze. Ikija kila siku, chomoa umeme, kandamiza pipa kila pembe. Pembe inayozama zaidi ya nyingine au kudunda, fimbo yake imechoka au imechomoka kwenye kikombe. Zinauzwa kwa seti ya nne, pima urefu kabla ya kununua. Angalia pia ile pete nene ya plastiki kwenye ukingo wa juu wa pipa la ndani. Imejazwa maji ya chumvi yanayokimbilia upande mwepesi ili kusawazisha. Ikipasuka maji yanavuja, mashine haitulii tena hata ukipanga nguo vipi.

Na tafadhali, usiingize humo turubai, koti la mvua, wala kitambaa cha godoro kisichopenya maji ukakamua kwa kasi. Maji yananaswa ndani ya kitambaa kama ndoo, pipa likishika kasi yanahama ghafla. Mwaka 2016 Samsung ilitangaza kwamba mashine za mlango wa juu kama milioni 2.8 zilizouzwa Marekani zirekebishwe au zirudishwe, kwa sababu vifuniko viliweza kung'oka kwa mtikisiko, na wenye nazo waliambiwa matandiko na vitu visivyopenya maji wavikamue kwa kasi ndogo.

Ile ya mapipa mawili: nguo za kukamua zipangwe kwa kuzungusha ukutani mwa pipa, zikandamizwe, kisha ile sahani ndogo ya plastiki yenye matundu iwekwe juu yake. Sahani hiyo wengi wameshaipoteza, na ndiyo inayozuia nguo kupanda na kuegemea upande mmoja. Ikigonga hata hivyo, mota ya kukamua inakaa juu ya springi tatu zenye mpira ndani. Mpira hukauka na kupasuka. Fungua bati la nyuma, utaziona.

Bi Mwajabu

Kwa atakayesoma hapa akiwa na mashine mpya ya mlango wa mbele: ikiruka vibaya mara ya kwanza kabisa, zima mara moja, angalia mgongoni. Kuna bolti ndefu tatu au nne za kusafirishia, zimelifunga pipa lisicheze njiani. Zote zitoke kwa spana pamoja na vipande vyake vya plastiki, matundu yazibwe kwa vifuniko vilivyokuja nayo. Zihifadhi. Siku ya kuhama nyumba zinarudi mahali pake kabla mashine haijapanda kwenye gari. Mitumba mingi imesafiri bila hizo bolti, na shokapu hufia humo njiani.

Mtondoo

Shokapu mbili za 100N zimeingia jana pamoja na pini. Ya kulia ilikuwa inateleza kwa kidole kimoja kabisa, na tundu la pini limekuwa la mviringo mrefu badala ya duara. Jiwe la mbele lilikuwa na bolti moja imelegea, imekazwa.

Leo shuka mbili, khanga tatu na mashati kwa 1200: pipa linasikika likicheza sekunde chache za mwanzo, bodi haijatoka kwenye alama za chaki zilizochorwa kuzunguka miguu. Nati za miguu zitakaguliwa tena baada ya kufua mara tano. Spana 13, kwenye 1400 kuna mluzi mwembamba ambao kwenye 1200 haupo. Ni mkanda?

Spana 13

Inawezekana sana. Fungua bati la nyuma, umeme ukiwa umechomolewa, zungusha puli kubwa kwa mkono na utazame ukingo wa mkanda. Ukiona nyuzi zimetoka au unga mweusi umemwagika chini ya puli, badilisha. Namba yake imeandikwa mgongoni mwa mkanda wenyewe. Ukiwa hapo kaza na bolti ya katikati ya puli.